Daktari wa Picha na Chai ya Mama

Alikozaliwa hapanihusu, na wazazi wake sikuwahi kuwaona. Kilichonihusu ni makoti yake. Mimi ni fundi cherehani, na tangu vita vilipoanza kule kaskazini mpaka mwanzo wa mwaka wa tisini na tatu nilimshonea makoti meupe daktari mmoja wa kliniki ya binafsi pale Kicukiro, ukuta kwa ukuta na kibanda changu. Watu walimwita Daktari wa Picha. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake kamili alilipenda mno na sitaki kumpa raha hiyo.

Kazi yake ilikuwa kusoma picha za eksirei. Kwetu Kigali mtu hasemi amepigwa picha ya kifua, anasema amepita kwenye chuma. Basi mtu anapita kwenye chuma, picha inatundikwa kwenye kisanduku cha taa, na yeye anasimama mbele yake mikono mfukoni kama mteja anayechagua kitambaa cha suti. Mgonjwa mwenyewe amekaa kwenye benchi nyuma yake. Hageuki. Mtu aliweza kuingia mle, akakohoa, akaugulia, akatoka, na Daktari wa Picha asijue kama ni mwanamume au mwanamke mpaka aone kivuli cha matiti kwenye picha.

Makoti hayajui kuficha mambo. Koti la muuguzi huletwa kwangu limechakaa mikononi kwa kunawa na kufua, lina madoa ya dawa, wakati mwingine damu. Koti la huyu bwana lilichakaa viwiko tu, kwa kuegemea meza. Mbele lilikuwa jeupe vile vile nilivyolikata. Mara ya kwanza nikadhani ni msafi sana. Baadaye nikaelewa kwamba hakuna kitu kilichowahi kumgusa.

Alitaka mifuko mirefu, mirefu kupita kiasi. Nikamuuliza ya nini. Akaniambia ni ya vyombo. Koti la kwanza liliporudi kurekebishwa nikaingiza mkono ndani ya mfuko, nikatoa makaratasi ya peremende. Koti la pili, makaratasi ya peremende na ya chokoleti. "Za watoto," akasema aliponiona nimeyapanga mezani. Hakuwa na mtoto, na kama angekuwa naye, sidhani angemtambua bila kumpitisha kwenye chuma.

Peremende hizo zishike akilini, maana ndizo ushahidi dhidi yake.

Alikuwa na misemo mitatu na aliirudia kila siku kama redio. Wa kwanza: "Mgonjwa hajui kitu." Wa pili: "Picha haidanganyi." Wa tatu ndio ulionikera kuliko yote. Alikuwa akimwambia mtu ana uvimbe wa saratani, mtu yule akienda zake na asirudi, yeye alitingisha kichwa na kusema: "Hakurudi? Basi, nilisema." Kwake asiyerudi alikuwa amekufa, na kufa kwake kulikuwa ushahidi. Haikumjia akilini kwamba mtu anaweza kupona akaona hana haja ya kurudi, au amekwenda kwa daktari mwingine anayemwambia mtu habari ya asubuhi. Kwa hesabu ya namna hiyo hakuwahi kukosea hata siku moja.

Lugha nayo. Na wakubwa alizungumza Kifaransa cha puani. Na wagonjwa, Kinyarwanda cha kuwafokea. Kiswahili alikidharau, alisema ni lugha ya madereva na wachinja nyama, na mbele yangu mimi, mtoto wa Waislamu niliyenyonya Kiswahili kwa mama, hakuona haya kulisema hilo. Lakini akitaka jambo lifanyike haraka ni Kiswahili hicho hicho kilichomtoka, kile cha kwetu cha iko iko. "Fundi, koti yangu iko wapi? Fundi, hii mkono iko mrefu." Nikawa namjibu kwa Kiswahili cha bibi yangu, kilichonyooka, cha taratibu, ili apate taabu kidogo.

Kilichompa kiburi chote hicho ni Ubelgiji. Alikaa huko muda gani, ilitegemea anaongea na nani. Akiongea na wagonjwa ilikuwa miaka na miaka. Siku moja alikuja daktari mwenzake aliyesomea huko, nami nilikuwa ndani nampima mabega, basi ile miaka ikanywea mbele ya macho yangu ikawa sitaji, mafunzo ya vitendo, ya miezi michache. Lakini katika miezi hiyo aliona mashine, na tangu hapo hakuona kingine.

Mashine yenyewe ipo, haki yake nimpe. Alinieleza mara nyingi, nami nikaelewa, maana hakuna kigumu. Mtu anadungwa sukari mshipani, sukari iliyotiwa mionzi kidogo, kisha analazwa katikati ya chombo cha mviringo. Uvimbe wa saratani ni mlafi, unaivuta ile sukari kuliko sehemu nyingi za mwili. Pale sukari inapojikusanya, mashine inapaonyesha kwa rangi. Alikuja na picha moja ya namna hiyo, akaitia fremu na kuitundika ukutani: kifua cha Mzungu asiye na jina, bluu kote, na katikati doa jekundu lenye ukingo wa njano. Nilimwona bibi mmoja akijifanyia ishara ya msalaba mbele yake, akidhani ni ya kanisani.

"Unaona hii rangi nyekundu?" alikuwa akiwaambia watu. "Uvimbe iko nakula sukari. Sisi hapa tuko kipofu."

Angeishia hapo, ningekuwa nacheka tu mpaka leo. Lakini mtu aliyekosa mashine yake alitaka angalau apate masharti yake. Sijui ni siku gani aliamua kwamba kama uvimbe unakula sukari, dawa ni kuunyima. Mashine haikusema hivyo. Mashine ilikuwa inatafuta, haikuwa inatibu. Yeye akaigeuza amri: mwenye uvimbe asinywe chai ya sukari, asinywe fanta, asile ndizi mbivu, asile viazi vitamu, uji wake usitiwe sukari, asali aisahau.

Nanyi mnajua desturi yetu. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Anayeweza anabeba maziwa, anabeba sukari, na karibu kila mtu anabeba fanta, hata mgonjwa akiwa hawezi kuinuka, chupa zinapangwa chini ya kitanda mpaka zinamfariji kwa kuzitazama tu. Mwaka ule alipotoa amri hiyo, Kicukiro na mtaa jirani wa Kagarama watu wakaanza kuwaendea wagonjwa wao na maji. Mwenye mafua alinyimwa chai. Jirani mmoja aliyevunjika mguu, mguu jamani, alinyimwa uji wa sukari na mkewe, kwa kuwa muganga wa Kicukiro amesema. Hivi ndivyo neno la mtu mwenye fremu ukutani linavyotembea.

Mama yangu alianza kukonda mwaka wa tisini na mbili. Alikuwa akiishi Kagarama kwa kaka yangu, mimi nikienda kila jioni baada ya kufunga cherehani. Homa za kila siku, jasho, kikohozi kidogo kisicho na nguvu. Shingoni, chini ya sikio la kushoto, palikuwa na tezi iliyovimba, ngumu, anaificha na mtandio. Majirani walikuwa wamekwisha kunong'onezana kwamba ni ukimwi. Kaka akaona aibu, akampeleka kwa Daktari wa Picha bila kuniambia, maana alijua nitasema nini.

Mama akapita kwenye chuma. Kwenye picha, katikati ya kifua, kando ya moyo, kulikuwa na kivuli kipana. Daktari wa Picha akakitazama, mikono mfukoni. Mama alinisimulia mwenyewe: "Nilimwona kisogo tu. Ana kisogo kizuri, kimenyolewa vizuri." Kisogo hicho kikamwambia kaka kwamba ni uvimbe wa saratani, hapa hakuna cha kufanya, na sukari marufuku.

Kaka yangu ni mtu wa kutii. Mpe amri aitii, hata iwe ya kijinga, atalala vizuri. Alirudi nyumbani akatia sukari yote ndani ya sanduku lake la bati, akafunga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Wageni waliokuja na fanta aliwapokea chupa mlangoni, akawashukuru, akawapa watoto wa jirani. Mama, mtu aliyekunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni maisha yake yote, chai tamu mpaka kijiko kinasimama, akawa anapewa maji ya majani. Akionja, anaweka chini. Uji akionja, anaweka chini. Ndizi hakuna, viazi hakuna. Ndani ya wiki chache akawa hawezi kufika chooni bila kushikwa.

"Unaona," kaka akaniambia, "uvimbe unammaliza."

"Uvimbe gani?" nikamwambia. "Anayemmaliza ni wewe na ufunguo wako."

Akaniambia mimi sikusoma. Kweli, sikusoma. Lakini nilijua mtu asipokula anakonda.

Kesho yake nilikwenda kliniki na koti la Daktari wa Picha mkononi, sijalimaliza, sindano bado zimo kwenye kola. Nikamkuta mbele ya kisanduku chake cha taa. Nikamwambia yule mama wa Kagarama ni mama yangu mzazi, na anakufa njaa.

"Kagarama," akasema bila kugeuka. "Ah. Kivuli ile ya katikati. Picha nzuri."

"Daktari, ana tezi shingoni. Uliishika?"

"Mimi iko daktari ya picha. Siko daktari ya shingo."

"Basi tuandikie twende hospitali kubwa, wamshike wao."

"Ya nini? Mtu iko nakufa, unataka wamuchome sindano bure? Mupunguzie sukari, atakaa siku kidogo." Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu niingie, akatazama koti. "Na hiyo mikono, iko tayari?"

Nilitamani kumkaba. Nasema kweli, nilitamani kumkaba kwa mkono wa koti lake mwenyewe. Nikarudi kibandani, nikakaa kwenye cherehani, nikalia kwa hasira mpaka mteja aliyeleta zipu akaondoka nayo. Halafu nikalimalizia lile koti. Nikalishona vizuri kuliko yote, na mifuko nikaipiga mshono kwa ndani, imara, mkono hauingii. Nikampelekea kwa heshima zote. Nasikia alitembea siku nzima na peremende kiganjani, zinamnatanata, akijaribu mfuko mmoja baada ya mwingine.

Aliyeamua ni Mama. Jioni ile alimwita kaka karibu na kitanda, akasema kwa sauti ya chini, maana sauti nyingine hakuwa nayo: "Mwanangu, mimi sikusomea mambo ya picha. Lakini nikifa, nataka nife nimekunywa chai. Fungua sanduku, au nipeleke kwa mtu mwingine atakayeniambia huku ananitazama."

Kaka hakufungua sanduku. Alfajiri akatafuta gari.

Kwenye hospitali kubwa tukapokewa na daktari mwanamke, mfupi, amechoka, koti lake limekwisha mikononi. Nilipoona ile mikono ya koti nikapata matumaini, ndivyo sisi mafundi tulivyo. Jambo la kwanza alimvua Mama mtandio. Jambo la pili aliishika ile tezi kwa vidole, taratibu, akimwuliza kama inauma. Mama akaanza kulia. Haikuwa inauma. Akachoma sindano nyembamba, akavuta kilichomo, wakakipeleka kwenye darubini. Tuliporudi kuchukua majibu akatukalisha na kutuambia ni kifua kikuu cha tezi. Kile kivuli cha kifuani nacho ni tezi kama hizo, zimevimba kwa sababu mwili unapigana. Sindano na vidonge kwa miezi mingi, atapona, ila awe na nguvu ya kuvihimili.

Kaka akauliza, kwa unyenyekevu wake ule, habari ya sukari. Akaeleza mashine ya Ubelgiji, doa jekundu, yote.

Daktari akasikiliza mpaka mwisho. "Hata mama yako angelazwa kwenye mashine ile," akasema, "kifua chake kingewaka vile vile. Chembe za mwili zinazopigana na ugonjwa nazo zinakula sukari, tena sana. Ukiona moshi kwa jirani, huwezi kujua kama anapika au nyumba inaungua. Lazima uende ubishe hodi. Mashine inaonyesha panapoliwa, haisemi anayekula ni nani." Kisha akamtazama kaka machoni. "Na hata ingekuwa saratani, baba, mtu haponywi kwa njaa. Mpeni ale."

Kaka akautoa ufunguo shingoni palepale, akawa hajui auweke wapi.

Sitawachosha na miezi ile ya vidonge. Mama alitapika, alilalamika, alitukana, na siku aliyoanza kutukana tukajua anarudi. Wiki za mwanzo mimi nilikwenda tena kliniki, kwa makusudi, kumpasha habari Daktari wa Picha. Nilitaka kuona uso wake. Nikamwambia ni kifua kikuu, anatibiwa, anakula, anakunywa chai ya sukari. Akainua mabega.

"Picha haidanganyi," akasema. "Utaona."

Nikaacha kumshonea makoti. Akapata fundi mwingine, aliyemtengenezea mifuko anayoitaka.

Nilimwona tena mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, kwenye maduka ya Gisimenti. Mama alikuwa amemaliza dawa, amenenepa mpaka magauni yake yote nimeyaachia mishono, na siku hiyo alitaka twende akachague kitambaa yeye mwenyewe. Tulipomaliza tukaingia mgahawani tupumzike, chai ya maziwa na chapati. Meza iliyopakana na yetu amekaa Daktari wa Picha na vijana wawili, nadhani wanafunzi wa udaktari, wamemkodolea macho. Mbele yake kuna kikombe cha chai isiyo na sukari, kwa maonyesho. Chini ya kiti, karibu na kisigino, chupa ya fanta imeishia nusu.

"Fundi," akaniita, kwa furaha hasa. "Uliniacha."

"Kazi nyingi, Daktari. Huyu hapa ni mama yangu."

Akamnyooshea Mama vidole vya mkono wa kulia huku macho yapo kwa wanafunzi, maana alikuwa katikati ya hadithi na hakupenda kukatizwa. Mama akavishika vile vidole kwa mikono miwili, kama anavyomshika kila mtu, akaketi.

"Nilikuwa nawaambia hawa," Daktari wa Picha akaniambia, ili nami nifaidike, "kuna mama moja ya Kagarama. Uvimbe hapa, katikati, mukubwa. Nikakataza sukari. Familia yake, watu hawakusoma, wakamupeleka kwa wengine, wakamudanganya iko kifua kikuu. Wakamupa chai ya sukari, fanta, kila kitu." Akapiga kiganja mezani. "Akakufa."

Wanafunzi wakatingisha vichwa. Mimi nikafungua mdomo, na Mama akaniwekea mkono wake pajani, chini ya meza, mkono mzito wa mtu mzima anayekula vizuri.

"Maskini," Mama akasema. "Alikuwa mtu mzima?"

"Mukecuru, muzee tu. Kama weye."

"Aliacha watoto?"

"Hiyo sijui. Hakurudi." Akanyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Lakini picha yake iko kwangu. Picha nzuri sana. Nafundishia."

"Mungu amrehemu," Mama akasema.

Akavuta bakuli la sukari. Akatia kijiko, akatia kingine, akaendelea kutia polepole huku akimtazama usoni muda wote, na yule bwana akawa anatazama kile kijiko kinavyopanda na kushuka. Kisha Mama akakoroga, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Shingo yake ilikuwa wazi, na chini ya sikio kovu dogo pale tezi ilipokuwa. Daktari wa Picha alikuwa amekwisha kuwageukia wanafunzi wake.

Barabarani nikamshika Mama mkono. Nikamwambia turudi, nikamwambie mbele ya wale vijana maiti yake ndiyo hii iliyomaliza sukari ya mgahawa. Nikamuuliza kwa nini amenizuia, kwa nini hakusema neno, mtu anamzika yuko hai, anamzika na kumfundishia.

Mama alikuwa anatafuta upande mzuri wa kubebea kile kitambaa.

"Nikiwa mgonjwa hakunitazama," akasema. "Nimwombe leo anitazame nikiwa mzima?"

Halafu akauliza kama sukari ya nyumbani bado ipo, au tupitie dukani Kicukiro.